Maswali ya Wasomaji: Dabo 67 za Earl Webb na Mpira Uliopotelea Mahindini

Barua za besiboli zimejaa kwenye meza kuliko tulivyotarajia, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: anayeongoza jedwali la dabo Marekani amefanya nini hasa cha kusifiwa? Kwa msomaji mgeni: uwanja una besi nne zilizopangwa kama almasi, na kutoka moja hadi inayofuata ni mita 27.4. Mpigaji akifika besi ya pili kwa nguvu ya pigo lake, bila kutolewa na bila kubebwa na kosa la wapinzani, hiyo ni dabo. Akizunguka zote nne ni homurani. Sasa tuingie barua.

Mhariri, mimi na mwenzangu tunabishana. Yeye anasema rekodi ya dabo katika msimu mmoja ni ya Freddie Freeman. Mimi nasema ni ya zamani sana. Tuamulie. (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Mwenzako akununulie chai. Rekodi ni dabo 67, na aliyeiweka ni Earl Webb wa Boston Red Sox mwaka 1931. Freeman wa Los Angeles Dodgers alifika 59 mwaka 2023, sawa na Todd Helton wa Colorado Rockies mwaka 2000. Katika miaka yote baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hakuna aliyewapita hao wawili.

Waliowahi kufika 60 ni sita tu: Webb 67, George Burns wa Cleveland 64 (1926), Joe Medwick wa St. Louis 64 (1936). Hank Greenberg wa Detroit 63 (1934). Paul Waner wa Pittsburgh 62 (1932). Na Charlie Gehringer, naye wa Detroit, 60 (1936). Itazame hiyo miaka. Wote sita wamebanana kati ya 1926 na 1936, kisha mlango ukafungwa.

Kilichofanya kipindi kile kiwe na neema si kimoja. Mpira wa miaka ile ulikuwa umeanza kudunda na kuruka vizuri kuliko wa kabla ya 1920. Glavu zilikuwa ndogo. Viwanja vingi vilikuwa na eneo la nyuma lenye kina kirefu, na wapigaji walijali zaidi kuugusa mpira kuliko kuutupa nje ya ua. Halafu kulikuwa na badiliko la sheria ambalo wengi hawalijui: zamani mpira uliodunda uwanjani kisha ukaruka na kuingia kwa watazamaji ulihesabiwa homurani. Kufikia msimu wa 1931 ligi zote mbili kubwa zilikuwa zinauhesabu kuwa dabo. Siku hizi mpigaji anafundishwa kuuinua mpira uende nje kabisa, anatolewa kwa straiki tatu (mirusho mitatu halali aliyoshindwa kuipiga) mara nyingi zaidi, na walinzi wa nje husimama mahali walipoelekezwa na kompyuta kwa kila mpigaji. Mpira ambao haukuguswa hauwezi kuwa dabo.

Ila msishindane kwa idadi tupu. Gawanyeni dabo kwa nafasi rasmi za kupiga. Webb alipata nafasi 589, hiyo ni dabo 11.4 kwa kila nafasi 100. Helton alipata 580, yaani 10.2. Freeman alipata 637, yaani 9.3. Kwa kasi hiyo ya 2023, Freeman angehitaji nafasi kama 723 ili afike 67, na hakuna mchezaji aliyewahi kupewa nafasi zaidi ya 716 katika msimu mmoja. Hizo alizipata Jimmy Rollins mwaka 2007. Kwa hiyo pengo la dabo 8 linaloonekana dogo kwenye karatasi ni refu kama barabara ya Nakuru kwenda Kisumu. Na Webb alizipiga katika mechi 151, enzi ambapo msimu ulikuwa wa mechi 154 badala ya 162 za leo.

Ajabu ni kwamba Webb mwenyewe hakuwa mwamba wa miaka mingi. Mwaka uliofuata alihamishiwa Detroit, na hakukaribia tena idadi hiyo.

Mwaka 2019 Nicholas Castellanos alipiga dabo 58, lakini nikiangalia kiongozi wa kila ligi simuoni. Hesabu imekosewa? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Haijakosewa. Besiboli ya juu Marekani ina ligi mbili, na jedwali la uongozi la kila ligi huhesabu yale tu yaliyofanyika ndani yake. Castellanos alianza msimu na Detroit, akapiga 37. Mwisho wa Julai akahamia Chicago Cubs walio katika ligi ile nyingine, akaongeza 21. Ligi ya kwanza iliongozwa na Rafael Devers mwenye 54. Ya pili waliongoza Anthony Rendon na Corey Seager, 44 kila mmoja. Ni kama mkulima aliyepeleka miwa yake viwanda viwili: tani zote ni zake, lakini hakuna kiwanda kinachoweza kumwandika kuwa wa kwanza. Kwenye jedwali la ligi zote mbili kwa pamoja, 58 zake ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote mwaka huo.

Nasikia Denver mpira unaruka mbali kwa sababu mji uko juu. Nakuru je? (Mwanafunzi, Lanet)

Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye 1,850 hivi, kwa hiyo nyinyi mmeipita. Kisumu, pale ziwani, ni kama 1,130.

Hewa ikiwa nyepesi hufanya mambo mawili. Kwanza, haiuzuii sana mpira: pigo ambalo lingefika mita 120 pwani linafika karibu 126 Denver, yaani nyongeza ya asilimia 5 hivi. Pili, mrushaji anayetegemea mpira unaopinda anataabika, kwa maana mpira hupinda kwa kusukumana na hewa, na hewa yenyewe ni haba.

Lakini usikimbilie kusema basi ndiyo sababu Helton alipiga dabo 59. Wajenzi wa Coors Field, uwanja wa Rockies hapo Denver, walijua mpira ungeruka, wakasogeza ua mbali: mita 106 upande wa kushoto, 126 katikati, 107 kulia. Eneo la nyuma likawa kubwa mno, na walinzi wa nje ni walewale watatu. Hapo ndipo dabo zinapozaliwa. Mpira unaangukia katikati ya walinzi wawili na kubingirika hadi ukutani, na anayeufuata yuko hatua 30 nyuma yake. Jambo jingine: tangu 2002 mipira ya Denver hutunzwa kwenye chumba chenye unyevu uliopimwa, maana hewa kavu ya huko ilikuwa inaukausha mpira ukawa mgumu na mwepesi kuruka. Msimu wa Helton ulikuwa kabla ya chumba hicho.

Kwa hiyo mkicheza Nakuru, mwinuko mnao tayari. Kinachobaki ni ukubwa wa uwanja, na hapo jibu linalofuata litakufaa.

Mimi ni mwalimu wa michezo Kaunti ya Kakamega. Tunacheza kwenye uwanja wa kandanda wa shule. Hatuna ua upande mmoja, tuna shamba la mahindi. Upande mwingine kuna michongoma. Nataka nimtuze mpigaji wa dabo nyingi mwisho wa muhula, lakini kila mechi ni ugomvi. Nifanyeje? (Mwalimu)

Mwalimu, ugomvi wako ni mkongwe kuliko ligi zenyewe, na dawa yake ni kukubaliana kabla ya mpira kurushwa. Kila uwanja duniani una kanuni zake za mahali. Zunguka na manahodha wote wawili kabla ya mechi, mguse kila kizuizi kwa mkono, kisha uandike mliyokubaliana kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la alama na nyote mtie sahihi.

Anza na kona. Mkiweka besi ya nyumbani, ile anaposimama mpigaji, kwenye kona ya uwanja wa kandanda wenye mita 105 kwa 68, mstari mmoja wa pembeni utakuwa na mita 105 na mwingine 68 tu. Hapo sheria rasmi ina jibu ambalo wengi hawalitumii: mpira unaopita juu ya ua ulio chini ya mita 76 kutoka nyumbani si homurani, ni besi mbili. Kwa hiyo upande wenu mfupi, hata mpira upite angani juu ya mstari, mpe mpigaji besi ya pili na umwandikie dabo. Mkifanya hivyo, watoto wataacha kulenga upande huo kila mara.

Mahindi sasa. Mpira ukidunda ndani ya uwanja kisha ukaingia mahindini, ni besi mbili moja kwa moja, na mchezo unasimama. Msiruhusu mlinzi aingie kuutafuta huku mkimbiaji akiendelea. Nusu ya ugomvi wenu unatoka hapo, na nusu ya mahindi yaliyolazwa pia. Michongoma ni tofauti kidogo. Mpira ukinasa ndani yake, mlinzi anyooshe mikono yote miwili juu bila kuugusa. Refa ataona na kutoa besi mbili. Pale Wrigley Field, Chicago, ukuta umefunikwa kwa mimea inayotambaa, na wanafanya vivyo hivyo. Mlinzi akiingiza mkono kuutoa, mpira uko hai, na akikwama atajilaumu mwenyewe.

Katika dabo hizi za kanuni, waliokuwa kwenye besi nao wanasogea besi mbili, ikihesabiwa kutoka pale walipokuwa mpira uliporushwa kwa mpigaji. Aliyekuwa ya kwanza anaishia ya tatu, hata kama alikuwa ameshafika karibu na nyumbani. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa karibu waandishi wote wapya wa alama. Mlinzi akirusha mpira vibaya ukatoka nje ya uwanja, mkimbiaji naye anapewa besi mbili. Hiyo si dabo. Ukitokea urushaji mbovu baada ya pigo la besi moja, andika pigo la besi moja, kisha andika kosa kwa mlinzi. Mtego wa pili: mtoto amepiga, mlinzi akaurusha mpira nyumbani kumzuia mkimbiaji mwingine, na mpigaji akajisogeza hadi ya pili wakati huo. Jiulize: mpira ungerushwa besi ya pili, angefika salama? Kama hapana, ni pigo la besi moja na kusogea kwa mwanya.

Daftari lenyewe lisiwe na mambo mengi. Kwa kila mchezaji weka safu za mechi, nafasi rasmi, mapigo, dabo. Nafasi rasmi haihesabu mara alizopewa besi kwa mipira minne mibaya, alizogongwa na mpira, wala alizojitolea kutolewa ili mwenzake asogee. Kwenye kisanduku cha mechi, usiandike neno dabo kila mara. Andika D na namba ya mlinzi aliyeufuata mpira. Namba ni hizi: 1 mrushaji, 2 mdakaji wa nyuma ya mpigaji, 3 besi ya kwanza, 4 ya pili, 5 ya tatu, 6 anayesimama kati ya ya pili na ya tatu, 7 nje kushoto, 8 nje katikati, 9 nje kulia. D7 ni dabo iliyoenda kushoto. Baada ya mechi nne au tano utaona nani anapiga upande mmoja tu, na kocha wa timu pinzani akiliona daftari lako ataona pia, kwa hiyo lifungie.

Mwandishi awe mmoja kwa mechi moja, mwenye penseli, aamue kabla ya mrusho unaofuata. Wakiwa wawili, mmoja ana binamu uwanjani.

Tuzo itolewe kwa idadi ya jumla, kama ligi kubwa zinavyofanya. Jedwali la dabo halina kiwango cha chini cha nafasi. Lakini weka safu ya pembeni ya dabo kwa kila nafasi 100, ili aliyeugua malaria wiki tatu asisahaulike. Mwaka 2023 Corey Seager wa Texas aliongoza ligi yake kwa dabo 42 ingawa alicheza mechi 119 tu. Nafasi zake zilikuwa 477, yaani 8.8 kwa kila 100, karibu kabisa na Freeman wa mwaka huohuo.

Mtu amepiga, amefika ya pili, halafu ametolewa. Anaandikiwa dabo au la? (Msomaji, Bungoma)

Inategemea ametolewa wapi na vipi. Akifika ya pili salama kisha akatolewa akijaribu ya tatu, ni dabo. Akitolewa kabla ya kuifikia ya pili, ni pigo la besi moja.

Kuteleza ndiko kunakochanganya. Akiteleza hadi ya pili, mwili ukaipita besi, akaguswa na mpira kabla hajarudi, anapata pigo la besi moja tu, maana hakuishika. Lakini akifika ya pili kwa miguu akiwa wima, akaipita mbio, ndipo akaguswa akirudi, ni dabo. Tofauti ni ndogo kama upana wa kiatu, ila imo kwenye sheria.

Na asipoikanyaga ya kwanza akiwa njiani, wapinzani wakadai kwa refa, ametolewa na hapati pigo lolote.

Kocha anatuambia "kimbia tu." Mimi nafika ya kwanza haraka, lakini ya pili natolewa kila mara. Kosa liko wapi? (Mchezaji, Busia)

Kosa mara nyingi liko kwenye kona. Nyumbani hadi ya pili ni mita 55 kasoro kidogo ukipima mistari, na mchezaji wa kawaida wa ligi kubwa huzimaliza kwa sekunde 8 hivi. Wewe huenda unakimbia mstari ulionyooka hadi ya kwanza, kisha unafunga breki ugeuke. Mwili wenye kasi hauwezi kukata kona ya nyuzi 90, utatupwa nje kuelekea upande wa kulia, na hapo unapoteza hatua tatu nzima.

Fanya hivi. Hatua za kwanza usiuangalie mpira hata kidogo. Anayeuangalia hupunguza mwendo bila kujua. Ukifika nusu ya njia, inua macho mara moja. Ukiona umepita walinzi wa ndani, basi mita 5 hivi kabla ya besi jitoe nje ya mstari, kama boda boda anayejiandaa kuingia kona, halafu ingia. Kanyaga pembe ya ndani ya besi, ile inayoelekea kwa mrushaji, mwili ukiegemea ndani. Watu hubishana kama ni mguu wa kushoto au wa kulia. Mguu wowote utakaofika bila kuvunja hatua ndio sahihi.

Ukishakanyaga, uamuzi ni huu: mpira ukiwa mbele yako, unaouona, amua mwenyewe. Ukiwa nyuma yako, usigeuze shingo, msikilize kocha aliye kando ya besi. Angalia pia mlinzi anaukimbilia kutoka upande gani. Anayekimbia akiupa mgongo uwanja itabidi asimame na kugeuka kabla ya kurusha, na hapo una sekunde moja ya bure.

Kuteleza: anza mita 3 hivi kabla ya besi, miguu mbele, goti moja likiwa limekunjwa chini ya jingine, mikono juu. Wengi huchelewa, wanaanza wakiwa mita 1 tu, wanaigonga besi kwa nguvu zote na kifundo cha mguu kinaumia. Wengine huanza mapema wakakwama njiani. Jifunzieni kwenye nyasi zenye umande au juu ya magunia yaliyotandazwa. Msijifunzie kwenye murram. Ngozi ya paja hairudi haraka.

Jambo la mwisho, mwishoni mwa mechi, timu inayoongoza kwa alama moja huwasogeza walinzi wa besi ya kwanza na ya tatu karibu na mistari, na wa nje hurudi nyuma. Wanakubali kukupa besi moja ili kukunyima mbili. Ukiwaona wamekaa hivyo, pigo la chini la katikati lina nafasi kubwa kuliko siku zote, na uishie ya kwanza bila kulilia ya pili.

Kwa nini wachezaji wa Boston hawakosekani kwenye jedwali la dabo? Wana siri gani? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Siri ni ya kijani kibichi na ina urefu wa mita 11.3 kwenda juu. Ukuta wa kushoto wa Fenway Park, uwanja wa Boston, uko kama mita 94 tu kutoka nyumbani. Mpira wa juu ambao kwingine mlinzi angeudaka bila jasho, pale unaugonga ukuta na kudondoka. Hesabu mwenyewe: Wade Boggs 51 mwaka 1989, Nomar Garciaparra 56 mwaka 2002, Dustin Pedroia 54 mwaka 2008, Devers 54 mwaka 2019, Jarren Duran 48 mwaka 2024.

Ukuta huohuo hunyang'anya pia. Mpira mkali unaoruka usawa wa chini, ambao kwingine ungekuwa homurani, unaugonga na kurudi haraka mikononi mwa mlinzi, na mpigaji mzito anaganda besi ya kwanza. Mlinzi mzoefu wa pale anajua utarudi kwa pembe gani.

Wapo wanaosema basi hata 67 za Webb ni zawadi ya ukuta. Hapana. Ukuta ulivyo leo ulijengwa 1934, miaka mitatu baada ya rekodi yake, na Webb alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpigaji wa aina hiyo mpira wake mkali huelekea zaidi kulia.

Kuhusu Duran, yeye ukuta haumtoshi: mwaka huohuo alikuwa na mapigo 14 ya besi tatu. Hiyo ni miguu. Ajabu ya jedwali hili ni kwamba mwenye mbio kupita kiasi huipoteza dabo kwa kuigeuza kuwa besi tatu, na mwenye nguvu kupita kiasi huipoteza kwa kuutoa mpira nje. Greenberg aliyepiga dabo 63 mwaka 1934 ndiye huyohuyo aliyepiga homurani 58 mwaka 1938.

Mechi ilikuwa sare, mwisho kabisa, mkimbiaji yuko besi ya tatu. Mpigaji akaugonga ukuta, mkimbiaji akaingia, mechi ikaisha. Wamemwandikia besi moja! Si wizi? (Msomaji, Kisii)

Si wizi. Pigo linalomaliza mechi humpa mpigaji besi zile tu alizohitaji mkimbiaji wa ushindi ili afike nyumbani. Kutoka ya tatu ni besi moja. Mkimbiaji angekuwa ya pili, mpigaji angeweza kuandikiwa dabo, ila lazima aende kuikanyaga besi ya pili kabla ya kuanza kukumbatiana na wenzake. Homurani ya nje ya ua pekee ndiyo inayohesabiwa yote.

Kwenye takwimu naona "2B" kila mahali, wakati mwingine pembeni ya jina la mtu ambaye hajapiga dabo hata moja. (Msomaji, Vihiga)

Alama hiyo ina kazi mbili. Ikiwa juu ya safu ya namba, ni dabo. Ikiwa pembeni ya jina, inasema anacheza ulinzi wa besi ya pili.

Na dabo za maisha yote? Kuna wa kumfikia aliye juu? (Huyohuyo wa Vihiga)

Aliye juu ni Tris Speaker, 792, kuanzia 1907 hadi 1928. Aliongoza ligi yake kwa dabo mara nane. Anafuatwa na Pete Rose 746, Stan Musial 725, Ty Cobb 724, kisha Albert Pujols 686 aliyestaafu 2022 baada ya misimu 22. Ili umpite Speaker unahitaji dabo 40 kila mwaka kwa miaka 20, bila goti kuuma. Freeman amevuka 500, na ameshapita miaka 35. Hatumwoni akifika.

Mchezaji wangu ana dabo 15 na ni Mei tu. Kwa kasi hiyo atafika 60. Niweke dau? Na mechi zinaanza saa ngapi huku kwetu? (Msomaji, Siaya)

Dau hatushauri mtu. Lakini kuhusu kasi: mwaka 2020 msimu ulikatwa hadi mechi 60 kwa sababu ya korona, na Freeman akapiga dabo 23. Ukizidisha hadi mechi 162 unapata 62. Msimu wake bora kuliko yote, mzima, ulimpa 59. Miezi miwili mizuri wengi wanayo. Julai kuna joto, misuli inavutika, na warushaji wameshajua udhaifu wako.

Saa ni rahisi. Msimu wote, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, Boston na New York wako nyuma yetu kwa saa 7, Los Angeles kwa saa 10. Mechi ya saa moja jioni ya Boston huanza huku saa nane usiku. Ya Los Angeles iliyopangwa saa moja na dakika kumi jioni, kwetu ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kwa hiyo ukilitazama jedwali saa kumi na mbili asubuhi ukipasha chai, dabo za Freeman za usiku huo huenda bado hazijapigwa. Subiri hadi saa tatu.